Sayyid Khalid bin Barghash: Dakika 38 za Vita, Miaka 31 ya Ugenini

Ukisimama Forodhani ukaipa bahari mgongo, unaiona Ngome Kongwe, kushoto kwake Beit al-Ajaib ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na kushoto zaidi Kasri la masultani. Baina ya Beit al-Ajaib na Kasri pana uwazi. Wageni hupita hapo wameinua simu zao kuyapiga picha majumba hayo mawili, na huo uwazi hakuna anayeupiga picha. Hapo palikuwa na nyumba ya tatu, Beit al-Hukm, nyumba ya wanawake wa ukoo wa kifalme na watoto wao. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza ziliipiga mizinga, na tangu siku hiyo haikusimama tena.

Dunia inaijua asubuhi ile kwa hesabu ya dakika zake. Vitabu vya maajabu huiandika kuwa ni vita vifupi kuliko vyote vilivyowahi kupiganwa: dakika 38, wengine huhesabu 40, wengine 45. Kijana aliyekuwa ndani ya Kasri siku ile, Sayyid Khalid bin Barghash, alikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Aliishi miaka 31 zaidi baada ya mzinga wa mwisho kunyamaza, na hakurudi tena kukaa Unguja. Aliishi na watu wa nyumba yake, akihamishwa nao kutoka bandari moja hadi nyingine, kutoka bahari moja hadi nyingine. Naandika habari hii kwa ajili ya miaka hiyo. Zile dakika zimeshaandikwa sana, na bado hazieleweki mpaka mtu azungumzie nyumba: ile aliyozaliwa Khalid, ile aliyoitaka, na ile aliyokwenda nayo uhamishoni.

Nyumba ya Barghash, 1856–1888

Babu yake, Sayyid Said bin Sultan, ndiye aliyeufanya mji wa Unguja kuwa makao ya dola, na ndiye aliyeitandaza mikarafuu mashambani kwa jasho la watumwa. Alifariki mwaka 1856 ndani ya merikebu yake akitoka Maskati, karibu na visiwa vya Shelisheli, na mwanawe Barghash alikuwamo chomboni. Marehemu hakuacha kanuni iliyo wazi ya kurithi kiti. Kwa desturi ya Waomani, utawala haumwangukii mtoto wa kwanza kwa sababu tu ametangulia kuzaliwa. Humfuata yule ambaye ukoo na wakubwa watamkubali, na mara nyingi humfuata yule anayewahi kuishika nyumba. Aliyelala ndani ya Kasri leo ndiye atakayepewa salamu kesho.

Aliyeishika nyumba ni Majid, ndugu yake Barghash. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alikusanya watu wake, akajizatiti katika shamba lililoitwa Marseilles, na dada zake wawili, Khole na Salme, wakawa upande wake. Salme alikuwa msichana wa miaka 15 aliyejifundisha kuandika kwa siri, kwa hiyo barua za njama zilitoka mkononi mwake. Uasi ule ulivunjwa kwa mizinga na mabaharia wa Kiingereza waliokuja kumsaidia Majid. Barghash akasafirishwa hadi Bombay, akakaa huko miaka miwili, kisha akaruhusiwa kurudi. Majid alipofariki mwaka 1870, aliyekalia kiti ni yuleyule muasi wa juzi.

Khalid alizaliwa mwaka 1874, baba yake akiwa Sultani. Mtoto anayekulia katika nyumba ambayo mwenyewe aliasi, akashindwa, akahamishwa, kisha akarudi akatawazwa, hujifunza jambo ambalo hakuna mwalimu anayemfundisha: kwamba kushindwa na Waingereza si mwisho wa mtu. Ninaamini alilishika somo hilo mapema, na kwamba ndilo lililomponza.

Barghash alikuwa mjenzi. Mwaka 1872 kimbunga kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha vyombo bandarini. Mwaka uliofuata alilazimishwa kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Juu ya hasara hizo aliuletea mji maji ya mifereji kutoka chemchemi za upande wa Bububu, akajenga Maruhubi na Chukwani, na mwaka 1883 akaisimamisha Beit al-Ajaib, ndefu kupita jengo lolote la mwambao wakati huo. Beit al-Sahil, ndilo Kasri lenyewe, Beit al-Hukm na Beit al-Ajaib ziliunganishwa kwa madaraja ya mbao yaliyoezekwa, ili watu wa nyumba waende huku na huko juu kwa juu bila kushuka njiani. Mtoto wa Sultani aliweza kutoka kwa mama zake na kumfikia baba yake bila kukanyaga ardhi. Likumbuke jambo hili tutakapofika kwenye mashua ya Wajerumani.

Mwaka 1877 Barghash alimkabidhi ofisa wa majini wa Kiingereza, Lloyd Mathews, kazi ya kumtengenezea jeshi la kisasa. Mathews akawafunza vijana wa Unguja gwaride na bunduki, akapanda cheo hadi kuitwa Jenerali, na baadaye, mwaka 1891, akawa Waziri wa Kwanza. Miaka 19 baada ya kupewa jeshi na baba, alisimama na bunduki za jeshi hilohilo mbele ya mlango wa mtoto.

Mwaka 1885 manowari za Ujerumani zilikuja kumlazimisha Barghash akubali kwamba bara ya Tanganyika imekwenda. Pamoja nazo alikuja dada yake Salme, ambaye tangu 1866 alikuwa ameondoka Unguja na kuolewa na Mjerumani wa Hamburg, akabatizwa jina la Emily. Kaka yake, yule aliyemwandikia barua za uasi, alikataa kumpokea. Barghash alifariki mwezi wa Machi 1888 akiwa ameona sehemu kubwa ya dola yake ikikatwa kwenye ramani na watu wasiowahi kufika huko. Khalid alikuwa na miaka 14.

Kiti chapata mlinzi, 1888–1896

Baada ya Barghash walikikalia kiti ndugu zake wawili, Khalifa kisha Ali, na wote hawakudumu. Katika kipindi hicho ndipo jambo kubwa lilipogeuka. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na katika makubaliano hayo Waingereza wakajipatia haki ya kumkubali au kumkataa Sultani mpya. Desturi ya anayeiwahi nyumba ikawa imefungwa kufuli, na ufunguo uko kwa balozi.

Ali alipofariki mwezi wa Machi 1893, wana wa Sayyid Said waliokwishakalia kiti walikuwa wanne, na sasa ilikuwa zamu ya wajukuu. Khalid, kijana wa miaka 19, aliingia Kasri kama desturi ya zamani ilivyotaka. Akaonywa, akatolewa, na kiti akapewa binamu yake Hamad bin Thuwaini. Watu wengi wakisimulia habari za 1896 huiruka siku hii, na kwangu mimi ndiyo inayoeleza mengi. Mara ya kwanza aliingia, akatishwa, akatoka, na mizinga haikulia. Mara ya pili, alipoambiwa kwamba watapiga, alikuwa na sababu ya kudhani kuwa ni vitisho vilevile.

Siku tatu za Agosti 1896

Jumanne, tarehe 25, saa 5:40 asubuhi, Sayyid Hamad alifariki ghafla. Wapo walionong'ona kuwa Khalid alimtilia sumu; halikuthibitishwa wakati ule wala baadaye. Kilicho hakika ni kwamba Khalid alikuwa ndani ya Kasri kabla ya maiti kutolewa. Saa 8:30 mchana Hamad alikuwa ameshazikwa, na saa 9 alasiri mizinga ya salamu ikalia kumtangaza Khalid kuwa Sultani. Waingereza walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed, naye ni mjukuu wa Sayyid Said. Kaimu balozi wao, Basil Cave, na Jenerali Mathews walikuwa wamekwenda kumwonya Khalid. Hakuwasikiliza.

Hadi jioni watu kama 2,800 walikuwa wamejikusanya ndani na mbele ya Kasri wakiongozwa na Kapteni Saleh, mkuu wa walinzi. Wengi wao hawakuwa askari. Walikuwa watu wa mjini, watumishi, watumwa na watu wa majumba makubwa, wengine na bunduki za gobori. Walikuwa na bunduki za rashasha aina ya Maxim, mzinga wa shaba wa karne ya 17, na mizinga miwili ambayo Kaiser Wilhelm II aliitoa zawadi. Nje, upande wa Waingereza, walipangwa askari 900 wa Unguja chini ya Luteni Arthur Raikes. Askari wapatao 700 wa Unguja walikuwa wamekwenda kwa Khalid. Kisiwa chenyewe ni kidogo. Watu waliofunzwa uwanja mmoja, wakala chungu kimoja, wakaozeana dada, walikesha wakitazamana kwa mitutu. Hakuna aliyeandika majina yao.

Jumatano manowari ziliendelea kuingia. Zilizokuwapo ni Philomel, Thrush na Sparrow, ikaja Racoon, kisha mchana ikafika St George iliyombeba Admirali Harry Rawson. London ikatoa ruhusa. Khalid akapewa hadi saa 3 ya asubuhi ya pili: ashushe bendera, atoke Kasri. Meli za biashara zikaondolewa bandarini.

Balozi wa Marekani, Richard Mohun, ameacha habari ya usiku ule ambayo siwezi kuisahau. Anasema kimya kilitisha. Unguja ya kawaida, usiku haikosi ngoma mahali na mtoto anayelia, na usiku ule havikusikika vyote viwili. Anayeijua Unguja atashangaa zaidi habari ya watoto kuliko ya ngoma. Ngoma huzimwa kwa amri. Watoto wachanga wa mji mzima walinyamazishwa na mama zao, mmoja mmoja, kila mlango, na ndani ya Beit al-Hukm pia walikuwamo mama na watoto.

Saa 2 asubuhi ya Alhamisi Khalid alituma mjumbe kutaka mazungumzo. Saa 2:30 likaja jibu lake la mwisho: hana nia ya kushusha bendera, na haamini kwamba watampiga. Cave akajibu kwamba hawapendi kupiga, lakini asipotii watapiga. Saa 3:02 wakapiga.

Mzinga wa kwanza wa Thrush uliupindua mmoja wa mizinga ya Kaiser. Kasri na nyumba zake sehemu kubwa ilikuwa mbao, na moto ukashika katika majumba yale yaliyounganishwa kwa madaraja waliyopita watoto. Meli ya Sultani, Glasgow, ambayo Barghash aliiunda kwa kuiga manowari ya Kiingereza, ilithubutu kuijibu St George kwa vizinga vyake vidogo. Ikazamishwa palepale bandarini, na milingoti yake ilibaki ikichomoza majini miaka mingi. Mabaharia wake waliokolewa na mashua za Waingereza. Saa 3:40 bendera nyekundu ilikuwa imeangushwa, na mizinga ikanyamaza.

Waingereza walipiga makombora 500 hivi. Kwao aliumia baharia mmoja, akapona. Kwa upande wa Kasri waliouawa na kujeruhiwa walikadiriwa kufika 500, wengi wakiwa wameungua. Mtaa wa Wahindi ukavamiwa na waporaji, na huko nako wakafa watu wapatao 20.

Khalid hakuwa miongoni mwa waliofukuliwa vifusini. Kuna habari iliyopelekwa magazetini siku zile kwamba alikimbia kombora la kwanza lilipotua, akawaacha watumwa na wapiganaji wake waendelee. Wengine wamesema alikaa zaidi. Sina haja ya kumtetea. Ikiwa alitoka dakika ya pili au ya 30, waliobaki ndani walibaki kwa ajili ya dai lake, na wao hawakuwa na mlango wa ubalozi wa kubisha. Wengi wao walikuwa na nyumba zao, wake zao, watoto wao. Atakayeandika juu ya mapenzi ya Khalid kwa ukoo wake na aiweke hesabu hiyo mbele kwanza.

Maji yalipojaa

Alibisha mlango wa ubalozi mdogo wa Ujerumani, yeye na Kapteni Saleh na wafuasi wapatao 40. Mathews akaweka watu nje, amri ikiwa wamkamate mara tu atakapoutia mguu njiani. Mchana huohuo Hamoud akatawazwa. Wafuasi wa Khalid wakatozwa rupia 300,000 kulipia gharama za mizinga iliyowapiga na mali iliyoporwa. Mwezi wa Aprili 1897 Hamoud akatia saini sheria ya kufuta utumwa, jambo ambalo Waingereza walilitaka kwa Sultani wa kwao. Hata hivyo masuria wa majumbani hawakuingizwa katika sheria ile. Walisubiri hadi 1909. Barghash mwenyewe alikuwa mtoto wa suria wa Kihabeshi, na Salme mtoto wa suria wa Kicherkesi. Nyumba hizi zilijengwa hivyo, na Khalid ni mtoto wa nyumba hizo.

Waingereza walimdai. Wajerumani wakajibu kwamba mkataba wa kubadilishana wahalifu hauwahusu wakosaji wa kisiasa. Siku 36 zikapita, Khalid akiwa ndani, askari wakiwa nje, na majumba ya baba yake yakinuka moshi hatua chache kutoka hapo.

Asubuhi ya tarehe 2 Oktoba manowari ya Kijerumani Seeadler ilitia nanga. Wajerumani walikuwa wamesoma maji. Bahari ya Unguja ikitoka huacha mchanga na matope mpaka mbali, na ikijaa hulamba kuta. Maji yalipojaa, mashua ikaletwa mpaka kwenye lango la bustani ya ubalozi. Khalid akapiga hatua moja kutoka ardhi ya Ujerumani hadi ubao wa mashua ya Ujerumani. Kwa sheria hakukanyaga Unguja, na waliokuwa wakimngoja njiani hawakuwa na la kufanya. Mtoto aliyezoea kwenda kwa baba yake bila kukanyaga ardhi aliondoka kwao vivyo hivyo.

Dar es Salaam, 1896–1916

Mji aliopelekwa haukuwa mgeni kwa ukoo wake. Dar es Salaam ilianzishwa na ami yake Majid katika miaka ya 1860. Majid alipofariki, Barghash aliuacha mji ule ukalala, majumba yakaota majani, mpaka Wajerumani walipoufufua na kuufanya makao yao makuu mwaka 1891. Basi mtoto wa aliyeutupa mji akaja kuishi humo kwa hisani ya wageni walioumiliki.

Na wageni hao si wengine. Mwezi wa Desemba 1889 walimnyonga Abushiri bin Salim kule Pangani kwa kuwapinga. Mwaka 1905 walikabiliana na Maji Maji kwa bunduki na njaa, na kusini nzima ikawa makaburi. Kwa Khalid walikuwa wenyeji wema, wakamtunza, naye alikuwa na faida kwao: dai la kiti cha Unguja lililowekwa akiba ng'ambo ya mlango wa bahari. Miaka 20 si kidogo. Kijana wa miaka 22 akawa mtu mzima wa 42, na familia yake ikakulia katika mji ambao pepo za Unguja zinaufikia.

Kule Unguja viti viligeuka bila yeye. Hamoud alifariki mwaka 1902, mwanawe Ali akajiuzulu mwaka 1911, na Khalifa bin Harub akatawazwa. Mwezi wa Septemba 1914, alfajiri moja, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza ikitengenezwa bandarini Unguja, ikaizamisha, na baadhi ya mabaharia wake wamelala hadi leo katika makaburi ya kisiwa cha Chapwani. Miaka 18 baada ya mizinga ya Kiingereza kuizamisha Glasgow, mizinga ya wenyeji wa Khalid ililipa katika maji yaleyale. Haikumletea kiti. Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam, na katika vita hivyo vya Afrika Mashariki wakamtia mikononi mtu waliyemkosa kwenye lango la bustani miaka 20 nyuma.

Kisiwa ambacho upepo haugeuki, 1917–1921

Walimpeleka Saint Helena, yeye na watu wa nyumba yake.

Saint Helena ni jabali katikati ya Atlantiki, kilomita zaidi ya 1,900 kutoka mwambao wa Afrika. Waingereza walikuwa wamekwishalifanya jela ya watu wakubwa. Napoleon alifia hapo mwaka 1821. Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, alikaa hapo na wake zake kuanzia 1890 hadi 1897, na baada yake wakaletwa maelfu ya Makaburu waliotekwa vitani. Mji wake mmoja, Jamestown, umebanwa katika bonde jembamba baina ya majabali mawili. Hapo ndipo mtoto wa Barghash alipowekwa tangu 1917.

Fikiria maisha ya kila siku ya mtu wa Unguja mahali pale. Kwao, akisimama kusali huelekea kaskazini, kwani Makka iko juu ya Unguja karibu moja kwa moja. Saint Helena kibla kimehamia kaskazini mashariki, na kati yake na Makka kuna Atlantiki na bara zima la Afrika. Kwao, mwaka unahesabiwa kwa pepo: kaskazi ikivuma majahazi yanakuja, kusi ikishika yanarudi, na kila anayeondoka ana msimu wake wa kurejea. Saint Helena unavuma upepo mmoja wa kusini mashariki, mwaka mzima. Haugeuki. Katika mambo yote ya uhamisho ule, hili ndilo ninalolifikiria zaidi: mtu wa mwambao, na watoto wa mwambao, wanangoja katika nchi isiyokuwa na upepo wa kurudi.

Baba yake alihamishwa Bombay, mji ambao majahazi ya Unguja yalikwenda na kurudi kila mwaka, na akahamishwa akiwa bado kijana. Khalid alihamishwa katika utu uzima, na nyumba nzima mgongoni. Mtu aliyepoteza kiti na mji na bendera alibaki kuwa na cheo kimoja ambacho hakuna admirali aliyeweza kumvua: mume na baba wa watu wale waliovuka naye. Sina barua yake wala shajara ya kunionesha alivyokibeba cheo hicho. Ninacho kinachoonekana, kwamba walikwenda pamoja, wakakaa pamoja, wakatoka pamoja.

Mwaka 1921 walihamishiwa Shelisheli. Kulikuwa na watu wa kufanana nao huko. Mwanga wa Buganda alikuwa amefia visiwani mwaka 1903. Kabalega wa Bunyoro na Prempeh wa Asante walikuwa bado wapo, wazee sasa, wameshinda huko miaka zaidi ya 20 wakiwa na jamaa zao. Kwa Khalid kulikuwa na nazi tena, na joto, na bahari ya Hindi. Na mahali fulani katika maji hayohayo ndipo babu yake Sayyid Said alipokata roho mwaka 1856, Barghash akiwa kando yake.

Mombasa

Mwishowe alikubaliwa kurudi Afrika Mashariki, ila kisiwa chake hakikutajwa katika ruhusa hiyo. Akapewa Mombasa.

Mombasa nayo ina habari yake na ukoo wa Albusaidi. Babu yake aliitwaa kutoka kwa Wamazrui mwaka 1837 baada ya miaka ya vita. Tangu 1895 Waingereza waliiendesha pamoja na mwambao wa maili kumi, lakini kwa hati ilikuwa bado ni ardhi ya Sultani wa Zanzibar, na juu ya Ngome ya Yesu ilipepea bendera nyekundu, ileile iliyokatwa kwa kombora saa 3:40. Kila Khalid alipopita upande wa ngome aliiona juu ya mlingoti wake, ikipepea kwa jina la Khalifa bin Harub, mtoto wa ndugu wa Hamad bin Thuwaini, yule ambaye kifo chake kiliyaanzisha yote.

Hapakuwa tena na Atlantiki. Kaskazi ikishika, jahazi lililotweka Mombasa humfikisha mtu Unguja kwa mwendo wa siku moja au mbili. Mabaharia walikuwa wakienda na kurudi, na habari za Malindi, za Shangani na za Ng'ambo zilifika Mji wa Kale kabla hazijapoa. Alikuwa karibu kiasi cha kuweza kupelekewa karafuu mpya za msimu.

Alifariki Mombasa mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 53 hivi. Unguja, kaburi la baba yake liko kwenye makaburi ya ukoo pembeni ya Kasri, hatua chache kutoka ule uwazi ilipokuwa Beit al-Hukm.